Kijiji cha Tyneham, Uingereza: watu waliambiwa wapishe jeshi 1943, kwa nini hawakurudishwa?

Chaku_wa_Poole (mwanzisha mada)

Wakuu poleni na majukumu. Naishi huku Poole, kusini mwa Uingereza, kuna jambo linanisumbua nikaona nilete hapa maana najua humu kuna watu wa historia na watu wa sheria.

Kuna kijiji kinaitwa Tyneham, kipo hukuhuku Dorset, bondeni, ukishuka kidogo tu unatokea baharini kwenye ghuba ya Worbarrow. Leo hakikai mtu hata mmoja. Nyumba zimebaki kuta tupu bila paa, kilichosimama kizima ni kanisa na shule yao ndogo basi. Ukisoma mabango pale unaambiwa Novemba 1943, vita kuu ya pili imepamba moto, jeshi liliwaandikia barua wenyeji kwamba eneo lao linatakiwa kwa mazoezi ya silaha za kweli, na ikifika tarehe 19 Desemba kila raia awe ameshatoka. Yaani mwezi mmoja tu, tena Krismasi iko mlangoni. Watu 225 wakahama, na eneo lote lililochukuliwa ni kama ekari 7,500, siyo kijiji peke yake, ni pamoja na mashamba na vilima vya jirani.

Wakati wanatoka wakabandika karatasi kwenye mlango wa kanisa wakiwaomba askari walitunze kanisa na nyumba, wakasema wameacha makazi ambayo wengi wao wameishi vizazi na vizazi ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru, na kwamba ipo siku watarudi, na wanashukuru kwa kijiji kutendewa wema.

Hawakurudi. Vita imeisha 1945, mwaka 1948 jeshi likachukua ardhi kwa nguvu ya sheria moja kwa moja, na mpaka leo ninavyoandika vifaru bado vinapiga mizinga kwenye vilima vile.

Sasa maswali yangu ni haya. Hii ni nchi ambayo tunaambiwa mali ya mtu inaheshimiwa sana na mahakama zake ni za kale, imekuwaje watu 225 wakatolewa kwenye nyumba zao na wasirudishwe, na wakashindwa hata kushitaki? Na lile jumba kubwa la kitajiri lililokuwa pale, la familia ya Bond, wao walikuwa upande gani? Maana kila ninachosoma kinasikitika kuhusu nyumba za kijijini lakini hilo jumba linatajwa kwa mstari mmoja halafu mtu anaendelea na mengine.

Mzee_Rajabu_Tanga

Mwanangu Chaku umeuliza vizuri, ila Tyneham huwezi kuielewa ukianzia 1943. Anza na hilo jumba unalosema linatajwa kwa mstari mmoja, maana jumba ndilo lililokuwa kijiji, na kijiji kilikuwa mali ya jumba.

Pale pana watu tangu zamani sana, jina lake limo hata kwenye ule ukaguzi mkubwa wa ardhi wa mfalme William, wa mwaka 1086. Jumba lenyewe, Tyneham House, lilijengwa kwa mawe enzi za malkia Elizabeth wa kwanza, karne ya 16, na nyuma yake palikuwa na ukumbi wa zamani zaidi, wa karne ya 14. Mwaka 1683 mali yote ikanunuliwa na mtu anaitwa Nathaniel Bond na kuanzia hapo ni Bond baba, Bond mtoto, Bond mjukuu, mpaka vita ikaja, miaka 260 kamili.

Sasa fikiria maisha ya pale. Nyumba unayolala ni ya Bond. Shamba unalolima ni la Bond. Mkeo anafua nguo, anafua za jumbani. Binti akikua anaenda kuwa mtumishi jumbani, kijana anakuwa mtunza bustani au mchunga ng'ombe wa mkulima ambaye naye amekodi shamba kwa Bond huyohuyo. Hata shule ile uliyoiona ilijengwa karne ya 19 na kasisi wa parokia, na kasisi mwenyewe ni Bond! Waliokuwa na unafuu kidogo wa kujitegemea ni wavuvi wa Worbarrow kule ufukweni, wenye boti zao na nyavu zao, samaki wao wakubwa ni vibua, lakini nao ardhi waliyokanyaga ilikuwa ya nani? Jibu unalo.

Sisemi Bond walikuwa watu wabaya. Waliowafahamu waliwasifia kwamba ni wenye utu na walikaa na watu wao, hawakuwa wale matajiri wa kuishi London na kukusanya kodi kwa barua. Ila utu wa mwenye nyumba siyo hati ya nyumba, na hiyo tofauti ilikuja kuwaumiza watu baadaye.

Na kitu kingine watu hawapendi kukisema, kijiji kilikuwa kimeanza kupungua kabla hata ya vita. Shule ilifungwa 1932 kwa sababu watoto wamekwisha, waliobaki wakawa wanapelekwa Corfe Castle. Umeme hakuna, bomba la maji la kushirikiana, simu ni kile kibanda kimoja nje ya posta. Kazi za mashambani zilikuwa zinapungua Uingereza nzima, vijana wanaenda mijini. Kwa hiyo Desemba 1943 hawakutolewa watu 225 wa kijiji kilichojaa vijana, wengi walikuwa watu wazima ambao maisha yao yote yalikuwa pale, na hao ndio wenye shida kubwa zaidi kuhama.

Jeshi nalo lilikuwa jirani zamani. Pale Lulworth pembeni tu wamekuwa wakifundisha kupiga mizinga ya vifaru tangu vita kuu ya kwanza. Bonde la Tyneham limekaa vizuri mno kwa kazi hiyo, vilima huku na huku, mbele bahari, kombora likipitiliza linaangukia majini. Vifaru vipya vya 1943 vinapiga mbali kuliko vya zamani, uwanja wa Lulworth ukawa mdogo, wakaangalia ng'ambo ya kilima wakaona bonde. Ndio ikawa hivyo.

Otis_Ksm

Mimi nauliza tu, hizo nyumba ziliharibiwa na mabomu ya Wajerumani ama?

Mzee_Rajabu_Tanga

Hapana kijana wangu. Nyumba nyingi zilipigwa na makombora ya mazoezi ya jeshi lao wenyewe yaliyokosea njia, na nyingine zimekufa kwa kukosa mtu wa kuziba paa. Nyumba ya mawe ukiiacha miaka ishirini ya mvua ya Uingereza bila moto ndani na bila mtu, inakwisha yenyewe.

Chaku_wa_Poole

Shukrani sana mzee, shikamoo. Sasa naanza kuona. Ila bado nina duku duku, hata kama nyumba ni ya Bond, mtu aliyepanga miaka hamsini si ana haki yake? Na huyo Bond mwenyewe mbona hakupigana arudishiwe ardhi? Alikuwa na hati, alikuwa na hela, alikuwa mtu wa tabaka lao hao wakubwa wa serikali.

Wakili_Neema

Kaka Chaku hapa nisaidie kidogo upande wa sheria maana ndio penye siri yote.

Mwaka 1939 vita ilipokaribia kuanza bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mamlaka ya dharura, na kanuni zake zikairuhusu serikali kuingia kwenye ardhi yoyote na jengo lolote ikalitumia kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Siyo kununua, ni kutumia. Mwenye ardhi anabaki mwenye ardhi kwenye karatasi ila hawezi kukanyaga, na kuna sheria nyingine ya mwaka huohuo inayosema mwenye mali analipwa kitu kama kodi kwa muda ambao mali yake inatumika, na mali ikiharibika analipwa. Soma hapo vizuri uone sheria inaongea na nani. Inaongea na mwenye ardhi.

Mpangaji wa Tyneham yeye ana nini? Wengi walikaa kwenye zile nyumba ambazo zinaenda na kazi, unafanya kazi ya shamba unapewa nyumba, kazi ikiisha na nyumba imeisha. Wengine wanalipa kodi ndogo kwa wiki. Mtu wa namna hiyo hana kitu kwenye ardhi ambacho mahakama inaweza kusema kimechukuliwa. Kwa hiyo fidia ilipokuja, watu wa kawaida walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa kwenye bustani zao. Narudia, mboga. Mtu babu yake na baba yake wamezikwa pale kanisani, yeye amezaliwa pale, karatasi yake ya fidia inahesabu viazi na kabichi. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliumia sana na bado linaniuma, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Kila kitu kilifuata utaratibu. Sheria iliuliza "nani mwenye mali hapa?" na watu 225 wakajikuta siyo jibu la hilo swali.

Kuhusu Bond. Aliyekuwepo wakati wa vita ni Ralph Bond, na usidhani yeye alibaki jumbani anakunywa chai. Jumba lake lilichukuliwa mapema kabla hata ya kijiji, jeshi la anga lililitwaa kwa ajili ya watu wa kituo cha rada kilichokuwa karibu pale pwani, yeye na mke wake wakahamia kwenye nyumba ya mtunza bustani wao. Desemba 1943 wakatolewa na hapo, pamoja na kila mtu. Kwa hiyo siyo kwamba tajiri aliuza watu wake, hapana, na yeye alipoteza. Ila kupoteza kwake na kupoteza kwao hakukulingana kabisa.

Vita ikaisha, mwaka 1945 bunge likapitisha sheria nyingine kuhusu ardhi zilizotwaliwa, ambayo inairuhusu serikali kuzinunua kwa lazima zile inazotaka kubaki nazo. Hapo ndipo mlango ulipofungiwa. 1948 jeshi likatumia nguvu ya kununua kwa lazima, wakati huo serikali ni ya chama cha Labour chini ya Attlee, siyo tena ya Churchill ambayo ndiyo iliyowatoa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia ya Bond ikalipwa pauni 30,000 kwa ardhi ile. Serikali ikawa imemalizana na mwenye mali kisheria, na ikishamalizana naye hakuna mtu mwingine aliyebaki na kitu cha kudai mahakamani. Ndio maana hawakushitaki kaka. Washitaki kama nani?

Walipewa makazi, hilo tuwe wakweli. Wengi walijengewa nyumba za halmashauri Sandford, karibu na mji wa Wareham, nyumba zina umeme na bafu ndani, vitu ambavyo Tyneham havikuwepo. Wapo waliokubali wenyewe kwamba maisha yalikuwa mepesi zaidi. Lakini ulichobadilishiwa bila kuulizwa hata kikiwa kizuri bado hukuulizwa.

Otis_Ksm

Wadau mimi naona hapa tunailaumu serikali kama vile hakukuwa na vita. Desemba 1943 ni miezi sita tu kabla ya ile siku ya kuvuka kwenda Normandy, Juni 6 1944. Wanajeshi walikuwa wanaenda kufa, lazima wafanye mazoezi na risasi za ukweli, na haiwezekani ufanye hivyo watu wakiwa wanapika jikoni. Hata hao wanakijiji kwa ile karatasi ya kanisani si wamesema wenyewe ni kusaidia kushinda vita? Walikubali.

Wakili_Neema

Ndugu Otis hakuna aliyepinga kuondoka, hapo tuko pamoja. Walichokubali ni kupisha kwa muda wa vita, na karatasi ileile unayoitaja inasema tutarudi. Mjadala ni wa baada ya 1945.

Na usiseme ilikuwa haiwezekani kurudisha. Mwezi huohuo wa Desemba 1943, mkoa wa Devon upande wa magharibi, walitolewa watu kama 3,000 kwenye vijiji vya Slapton na jirani zake ili Wamarekani wafanye mazoezi ya kushuka ufukweni, palepale ambapo Aprili 1944 meli zao za mazoezi zilishambuliwa na Wajerumani wakafa mamia. Wale wa Devon walirudi. Walikuta mashimo, madirisha yamevunjika, panya, lakini walirudi na vijiji vipo mpaka leo. Vita ni ileile na serikali ni ileile. Tofauti ni kwamba ufukwe wa mazoezi ya Normandy ukishavamia Normandy huuhitaji tena, ila uwanja wa vifaru unauhitaji kila mwaka, hasa ulipoanza uhasama na Urusi.

Nyangumi82

Ongezeni na Imber hapo, kule Wiltshire kwenye uwanda wa Salisbury. Hao walitolewa tarehe 17 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Tyneham, kwa notisi ya siku 47. Ila Imber jeshi lilikuwa limeshanunua karibu ardhi yote tangu kabla ya vita, watu walikuwa wamebaki wapangaji wa jeshi lenyewe. Wakaahidiwa kwa mdomo watarudi. Mwaka 1961 watu kama 2,000 waliandamana kuingia kijijini kwa nguvu kudai kifunguliwe, na bado hakikurudishwa. Kanisa linafunguliwa siku chache kwa mwaka.

Kwa hiyo anachosema wakili ndicho hichohicho. Huku ardhi ni ya Bond, kule ni ya jeshi, mkaaji hana karatasi popote.

Bi_Zuhura_Mji_Mkongwe

Asalaam aleikum wanangu, nimefuatilia mada tangu jana nikaona kuna kipande kinakosekana. Mnazungumza kana kwamba kijiji cha Kiingereza kilikuwa salama mikononi mwa tajiri mpaka jeshi lilipokuja. Hapohapo Dorset, kama maili ishirini na kidogo kutoka Tyneham, kuna kijiji kilichofutwa na tajiri mwenyewe, hakuna vita, hakuna jeshi, alitaka tu bustani.

Palikuwa na mji mdogo unaitwa Middleton uliozunguka abasia ya kale (makao ya watawa) iliyoanzishwa na mfalme Athelstan karne ya 10. Mji wenye soko, vilabu vya pombe, shule ya sekondari, nyumba zaidi ya mia. Mwaka 1752 mali yote ya abasia ilinunuliwa na Joseph Damer, baadaye akaitwa Lord Milton. Akajenga jumba kubwa ubavuni mwa kanisa la abasia, halafu akiangalia dirishani anaona mapaa ya watu, moshi wao, watoto wao wa shule wanaoruka ukuta. Akaamua mji uondoke.

Hakuuvunja kwa siku moja, alikuwa na subira ya kutisha. Mikataba ya nyumba pale ilikuwa ya maisha ya mtu, mtu akifa mkataba unaisha, yeye akawa anangoja tu. Ukiisha haongezi, nyumba inabomolewa. Wengine akawanunua. Kazi hiyo ikamchukua kuanzia miaka ya 1770 mpaka ya 1780. Shule ikahamishiwa Blandford kwa sheria ya bunge mwaka 1785. Mtengeneza mandhari maarufu kuliko wote wa zama hizo, Capability Brown, akapangiwa kazi, bonde likapandwa nyasi na miti, na sehemu ya chini likachimbwa ziwa. Leo watalii wanapiga picha wanasema mandhari ya asili ya Uingereza. Hayana asili yoyote, chini ya nyasi pana mitaa ya watu.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo panapojibu swali la Chaku. Kulikuwa na wakili mmoja Middleton anaitwa William Harrison, mkataba wake ulikuwa bado hai na akakataa kuuza. Damer akafungua milango ya maji ya bwawa ili mafuriko yamtoe. Harrison akaenda mahakamani, na akamshinda bwana mkubwa. Akakaa kwenye nyumba yake mpaka alipokufa na ndipo ikavunjwa. Mahakama ilikuwepo basi, na ilimsikiliza mtu mdogo dhidi ya tajiri, kwa sababu alikuwa na karatasi na alijua kuisoma. Majirani zake wasio na karatasi walihamishiwa kijiji kipya nyuma ya kilima, Milton Abbas, nyumba nyeupe za paa la nyasi zimepangwa pande mbili za barabara zote sura moja, nzuri sana kwa macho, na wakati ule familia zilibanwa humo mbilimbili kwenye nyumba moja.

Kwa hiyo mimi nikisikia watu wanailia Tyneham kama peponi palipovunjwa na jeshi naona haijakaa sawa. Mfumo uleule wa mtu mmoja kumiliki bonde zima ndio uliofanya iwe rahisi kulichukua bonde zima kwa barua moja. Pangekuwa na wenye nyumba 60 kila mmoja na hati yake, jeshi lingekuwa na kesi 60.

Chaku_wa_Poole

Wa aleikum salaam bibi yangu, shikamoo. Aisee hii ya Harrison sikuwahi kuisikia na Milton Abbas nimepita mara nyingi tu nikidhani ni kijiji cha zamani kilichotunzwa vizuri. Nitaenda tena nikiwa na macho mengine.

Dada Neema nimekuelewa kabisa. Sasa la mwisho, hivi hakuna waliopigania? Miaka yote hiyo kimya?

Nyangumi82

Walipigania mkuu, tena sana. Mwaka 1968 mwandishi mmoja wa hukohuko Dorset, Rodney Legg, alianzisha kikundi cha kudai Tyneham irudishwe, na chokochoko kubwa ilikuwa kwamba mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imelibomoa lile jumba la Bond. Yaani jengo la karne ya 16 lililostahimili vita nzima, lilivunjwa 1967 wakati wa amani na wizara ya ujenzi ya serikali. Mawe na vipande vyake vya thamani vikagawanywa, vingine vikapelekwa jumba la Athelhampton ambalo liko hukohuko Dorset. Kilichobaki ni magofu katikati ya msitu kwenye eneo la hatari, raia haruhusiwi kwenda. Ndio maana Chaku unaona linatajwa kwa mstari mmoja, hakuna cha kumuonesha mgeni.

Na mimi hapo ndipo ninapochukia. Kijiji unaweza kusema kombora limepotea. Jumba je? Hilo lilivunjwa kwa uamuzi wa mtu mwenye kalamu.

Kelele zikawa nyingi mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Lord Nugent kuangalia ardhi zote zinazoshikiliwa na jeshi. Ripoti ikatoka 1973, ikasema kabisa Lulworth na Tyneham ziachiwe na shule ya mizinga ihamishiwe Castlemartin, kule Wales. Kamati ya serikali yenyewe imesema hivyo! Serikali ikakataa. Gharama za kuhamisha, Wales nao hawakutaka kuongezewa mizinga, na Lulworth penyewe pana watu wanaopata mkate kwa kambi ile. Kilichopatikana ni nusu shari, kuanzia 1975 raia wakaruhusiwa kuingia wikiendi nyingi na baadhi ya sikukuu, wakarekebisha kanisa na shule zikawa makumbusho.

Wakili_Neema

Na kufikia wakati huo wanakijiji wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wengine wamezeeka, wengine wamekufa, watoto wao wana kazi na nyumba kwingine. Wanaodai kurudishwa wakawa wengi wao ni wapenzi wa historia na wapenda kutembea milimani, sio watu wa Tyneham. Hilo nalo ni la kusikitisha kwa sababu haki iliyocheleweshwa miaka thelathini inakosa hata mtu wa kuipokea. Kuna mama mmoja, Helen Taylor, aliyekuwa mfua nguo wa jumbani, alipofariki 1999 majivu yake yaliletwa yakazikwa pale kanisani. Alirudi kwa namna hiyo.

Otis_Ksm

Sawa nimekubali hoja ya kurudishwa, Slapton imenimaliza. Lakini nasikia wanyama na wadudu wamestawi sana pale sababu ya jeshi, ni kweli?

Nyangumi82

Ni kweli na ni jambo la kushangaza. Tangu 1943 hakuna trekta kubwa, hakuna mbolea za chumvichumvi wala sumu za kuua wadudu, hakuna hoteli, hakuna kambi za magari ya kulala watalii kama zilivyojaa pwani nyingine za kusini. Kwa hiyo nyasi za asili za kwenye udongo wa chokaa zimebaki kama zilivyokuwa zamani na maua yake, kuna kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu iliyofifia ambaye Uingereza nzima makao yake makubwa ni pwani ile, wamempa jina la Lulworth kabisa. Kulungu wapo wengi. Watu wa mazingira wengi leo ukiwaambia jeshi liondoke watakuuliza nani ataingia badala yake, na wana haki ya kuuliza, angalia bei za nyumba za pwani ya Dorset zilivyo. Tyneham ikirudishwa leo sokoni hakuna mjukuu wa mchunga ng'ombe atakayeweza kununua hata banda.

Mimi nabaki na msimamo kwamba ilitakiwa irudishwe 1945. Baada ya hapo kila mwaka uliopita ulifanya kurudisha kuwe kugumu zaidi, na nadhani waliokuwa ofisini walilijua hilo.

Mama_Eli_Bournemouth

Chaku na wengine mlio huku, mkitaka kwenda angalieni kwanza ratiba ya jeshi mtandaoni, siku za mazoezi mageti yanafungwa na barabara ya kuingia bondeni haipitiki. Bendera nyekundu ikiwa juu kilimani rudini. Siku za wazi fuateni njia iliyowekewa nguzo za manjano, msikanyage pembeni maana bado kuna makombora ambayo hayajalipuka, na watoto washikwe mikono. Dukani hakuna, beba maji na chakula. Shuleni mtaona madawati na kazi za watoto zimepangwa kama ilivyokuwa enzi zile, na kanisani kuna picha za familia karibu zote zilizokaa pale na kila nyumba ilikuwa ya nani. Anzeni na kanisa ndio mzunguke kwenye magofu, hapo kila ukuta utaujua jina.